HURUMA KWA VIUMBE VYA MUNGU NA AMANA YA ANAYEITIKA SIMU

(Karatasi ya Ijumaa. Tafadhali usiisome wakati khatibu yuko juu ya mimbari.)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vitembeavyo na kuruka ndani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Wandugu katika imani, ninajiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu katika mambo makubwa na katika yale tunayoyaona madogo.

Ijumaa iliyopita, tulipotoka msikitini, watoto walikuwa wakivuta kinda la ndege lililofungwa kamba mguuni. Mzee mmoja akawaambia walifungue. Ndugu mwingine akamjibu: "Mzee, acha. Watu wetu wanalala njaa, wengine wamekimbia vita, na wewe unalilia ndege?" Mzee alinyamaza. Leo tulitafutie neno lile jibu.

Katika Surat An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni mataifa kama sisi. Katika Surat Naml tunasoma habari ya Nabii Sulayman (A.S.). Alikuwa na jeshi kubwa, lakini alisikia sauti ya sisimizi akiwaonya wenzake wasikanyagwe. Hakumdharau. Alitabasamu, akamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru. Basi kusikia kilio cha mdogo ni neema inayostahili shukrani.

Wandugu, siku hizi ziko inchi ambako watu wanajitolea kuitika simu kwa ajili ya wanyama walioumia mjini. Kule Australia, katika jimbo la New South Wales, shirika liitwalo WIRES lilianzishwa mwaka wa 1985. Mtu akiona popo amenasa katika waya, au mnyama amegongwa na gari, anapiga simu. Anayeitika anauliza: Uko wapi hasa? Ni mnyama gani? Ameumia namna gani? Je, kuna mbwa au watoto karibu? Kisha anamwambia la kufanya, na mtu wa kujitolea aliye karibu anatafutwa aende.

Na katika mji wa Delhi, Uhindi, wako ndugu wawili Waislamu, Nadeem Shehzad na Mohammad Saud. Kule watu hurusha tiara kwa uzi uliopakwa unga wa vioo, na uzi huo hukata mabawa ya mwewe. Wakiwa bado vijana, ndugu hawa waliokota mwewe aliyeumia, wakampeleka kwenye hospitali ya ndege. Hakupokelewa, kwa sababu mwewe hula nyama. Baadaye wakaanza kuwatibu wao wenyewe, chini ya nyumba yao, huku wakiendelea na kazi ya kutafuta riziki. Kwa miaka kama 20 wamepokea ndege zaidi ya 20,000, na mwaka wa 2022 filamu juu ya kazi yao ilitolewa. Mwewe ni ndege asiyependwa: anaiba nyama na anakula takataka. Lakini hawakuuliza kama anastahili. Waliuliza kama ameumia.

Sasa turudi kwa neno la yule ndugu. Swali lake si jipya. Mtume (S.A.W.) aliposimulia habari ya mtu aliyempa mbwa maji, masahaba nao waliuliza kama kuna malipo kwa ajili ya wanyama. Akawajibu kwamba katika kila chenye uhai kuna malipo. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Angalieni vizuri: mtu yule hakuwa tajiri aliyeshiba. Alikuwa msafiri aliyeumwa na kiu. Alishuka kisimani, akanywa, akatoka, akamwona mbwa akilamba udongo. Akasema moyoni kwamba huyu amepatwa na kiu ileile iliyonipata mimi. Akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno, akapanda. Mungu akamsamehe dhambi zake.

Basi mateso yetu si sababu ya kufunga moyo. Sisi tuliokimbia na magodoro kichwani, sisi tuliolala katika madarasa ya shule, nani anajua zaidi yetu maana ya kukosa pa kwenda? Ni kweli, haki ya binadamu inatangulia. Usimwache jirani na njaa ukaenda kumtibu ndege. Hiyo si dini. Lakini mtoto anayezoea kusikia kinda likilia huku anacheka, kesho atasikia mjane akilia vilevile. Moyo ni mmoja, wandugu. Hakuna moyo wa wanyama na moyo wa watu.

Tena kuitika simu ni amana. Wangapi kati yetu tunasema "niko njiani" na bado tuko kitandani? Wangapi tunabipiwa na maskini asiye na franka ya kupiga, nasi tunazima simu? Anayejitolea kuitika lazima awe mkweli: asiahidi kufika kama hafiki. Awe mvumilivu: asimgombeze anayepiga kwa hofu. Awe mnyenyekevu: asilolijua amwulize mwenye elimu. Na mnyama akifa mkononi, asikate tamaa. Kazi ni yake, uhai ni wa Mungu.

Kwetu Kongo, si kila mji una simu ya namna hiyo. Lakini karibu na Bukavu kiko kituo cha Lwiro, tangu mwaka wa 2002, kinacholea sokomutu na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Lubumbashi kiko J.A.C.K., tangu mwaka wa 2006. Na ofisi za ICCN ziko katika majimbo mengi. Kwa hiyo tushike haya:

1. Kinda lenye manyoya likianguka na halikuumia, liache au lirudishe karibu na kiota. Mama yake yuko karibu. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona ndege akihangaika kwa sababu ya makinda yake yaliyochukuliwa, akaamuru yarudishwe.

2. Ndege aliyeumia mweke katika katoni yenye matundu, mahali penye giza na kimya. Usimpe maziwa wala usimmiminie maji mdomoni.

3. Popo na nyani usiwashike kwa mkono mtupu. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku ileile, kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa.

4. Usinunue kasuku wala mtoto wa sokomutu kwa kumhurumia. Makuta yako yatamrudisha mwindaji porini. Mwaka wa 2016, kule Johannesburg, mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Toa habari kwa wahusika.

5. Vijana wenye simu na nafasi, jiandikisheni kwa imamu. Tuwe na namba moja ya msikiti, na mtu wa kuitika kila siku, kwa binadamu aliye taabani kwanza, na kwa kiumbe kingine pia.

Ewe Mola wetu, lainisha mioyo yetu. Tupe masikio ya kusikia wanyonge. Rudisha amani katika inchi yetu, warudishe waliokimbia majumbani mwao, warehemu waliokufa. Siku tutakapokuita sisi, usituache bila jibu. Amin.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe njiani, ukimaliza, mpe jirani asome.)