Kumngoja Mwenzako: Ni Haki au Ni Hisani?



Wako mume na mke ambao huwaachia nyanya watoto kwa siku mbili tatu, wakaenda kutembea kwa miguu Mlima Kenya. Wengine huuliza kama hiyo si anasa. Kila nyumba inaujua mfuko wake. Leo tutazame swali ambalo mlima huwauliza wawili hao mara tu wanapoanza kupanda: Nani aamue mwendo?

Tuchukue njia ya Chogoria, upande wetu wa mashariki. Lango la mbuga liko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo mnaweza kwenda Maporomoko ya Nithi au Ziwa Ellis na kurudi, bila kufika kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Njia ni moja, lakini pumzi ni mbili. Msidhani mwenye nguvu ni mume daima. Mke aliyezoea kubeba kikapu cha majani chai kwenye miteremko ya Imenti aweza kumwacha mbali mume anayeshinda ameketi ofisini.

Mara nyingi mwenye nguvu hutangulia, kisha huketi juu ya jiwe na kungoja. Moyoni anajiona mtu mwema. Lakini mwenzake anapofika akihema, yeye ameshapumzika, husimama na kusema, "Haya, twende." Hivyo mwenye nguvu amepumzika mara kumi, na mnyonge hajapumzika hata mara moja. Huko si kutembea pamoja. Ni kumfanya mwenzako akufuate mbio siku nzima, na tena akushukuru.

Mtu atauliza: Je, mwenye nguvu afungwe miguu? Nguvu zake si kipaji cha Mungu? Ni kweli. Lakini walipokubaliana kwenda wawili, safari haikuwa tena ya mmoja. Kwa hiyo kupunguza mwendo si hisani, ni deni. Mtoa hisani hungojea asante. Mlipa deni hangojei. Nazo nguvu zake zina kazi nyingine: abebe mzigo mzito, achote maji, awashe jiko jioni.

Mlima wenyewe hufundisha hivyo. Huko juu hewa ni nyepesi, na anayepanda haraka huweza kuumwa kichwa, kutapika na kuishiwa nguvu. Ugonjwa huo hauchagui wanyonge; hata vijana wenye misuli huupata kwa sababu ya pupa. Hali ikizidi, dawa ya hakika ni kuteremka. Hapo mgonjwa asiambiwe "jikaze", wala asiachwe peke yake hemani. Wateremke wote wawili. Kilele hakihami.

Sasa turudi nyumbani. Mume aliyekwisha kuamua moyoni kuuza ng'ombe, kisha "anamngoja" mkewe akubali, ameketi juu ya lile jiwe. Mke aliyesahau ugomvi upesi, akamlaumu mumewe ambaye bado ana uchungu, naye ameketi hapo hapo. Mmoja amefika peke yake, naye anadai mwenzake amchelewesha.

Mkipenda kwenda, chagueni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, mvua zikiwa chache. Chukueni kiongozi, kwa maana msituni mna nyati na ndovu. Bebeni sweta na koti la mvua. Kisha shikeni kanuni hii moja: mwenye mwendo wa pole atangulie mbele, na mwenye nguvu afuate nyuma. Mkipumzika, mpumzike pamoja, na anayechoka upesi ndiye aseme, "Twende."

Jioni ya leo, watoto wakishalala, ulizaneni bila hasira: Katika nyumba yetu, ni nani huketi juu ya jiwe?