Taa ya Barazani

Chungulia barazani: taa ya jana bado inawaka? Kwetu Dar es Salaam, sehemu ya umeme wake hutokana na gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichoko Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutuzalishia umeme 2004. Ilichukua mamilioni ya miaka kujiumba; ikishachomwa hairudi, na hewa ya ukaa yake hubaki angani ikiongeza joto la dunia. Huniuma kuona balbu ya wati 60 ikiwaka juani, ilhali ya LED ya wati 9 ingetosha, tena usiku tu. Jikoni nako tusipoteze moto: maharage yaloweke tangu jioni, na ufunike sufuria unapoyapika. Mama yangu alifanya hivyo ili kuni zidumu. Haya, kaizime taa. Nakusubiri.