Amana Ina Mwenyewe

Kiswahili chetu kina neno moja, amana, kwa fedha iwekwayo benki na kwa kitu chochote mtu akabidhiwacho kwa kuaminiwa. Awekaye fedha benki haombi fadhili. Amekabidhi mali yake kwa mlinzi. Basi yafaa tujiulize: je, ni haki mlinzi wa amana aondoke machoni pa mwenye mali, na kumwachia namba ya simu tu?

Swali hili si la leo. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa mwaka 1967 benki zilipotaifishwa, ilifunga matawi kadhaa yenye hasara katika miaka ya 1990, kisha ikagawanywa mwaka 1997. Siku hizi tawi likifungwa, watu huambiwa kwamba benki sasa imo simuni mwao.

Hatukatai wema wa simu. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, mama wa Majita aweza kupokea fedha za mwanawe aliye Dar es Salaam bila kusafiri mpaka Musoma mjini, wala kuogopa wanyang'anyi njiani. Tena tawi lenye hasara huwalemea wenye amana wote. Kubadili njia si dhambi.

Lakini njia ikibadilika, wajibu haubadiliki. Akaaye Iringo, mjini Musoma, pengine haoni uzito wa jambo hili. Na amfikirie mjane wa kijiji cha Butiama, asiyeweza kusoma maandishi madogo ya simu, ambaye fedha zake zimekwenda kwa mtu asiyemjua. Zamani angesimama dirishani na kumwonyesha karani kitabu chake. Leo huambiwa abonyeze moja, kisha mbili, kisha asubiri, hata simu ikazimika. Mwishowe humpa mjukuu namba yake ya siri. Na fedha zikipotea tena, hujibiwa: kosa ni lako, umetoa siri.

Ni kweli, namba ya siri haifai kutolewa. Lakini amfanyaye mtu ahitaji msaidizi, kisha akamlaumu kwa kuwa naye, amemtwika mnyonge mzigo usio wake. Katika mfano wa talanta, watumishi waliokabidhiwa mali walisimama mbele ya bwana wao wakatoa hesabu. Hakuna aliyejificha asiulizwe.

Kwa hiyo twasema: benki ifungayo tawi na iache mahali pale mtu mwenye mamlaka ya kusikiliza na kusahihisha, si wakala wa kupokea na kutoa fedha tu. Wasomaji nao wajue haki yao: kwa kanuni za mwaka 2019, mteja hulalamika kwanza kwa benki yake, na asiporidhika, kwa Benki Kuu. Wenye elimu parokiani wawasaidie wazee kuandika malalamiko hayo.

Nanyi vijana, ajuaye namba ya siri ya bibi yake amekwisha kuwa mlinzi wa amana. Hata shilingi elfu moja aitoayo bila ruhusa ni wizi, nayo yavunja amri ya saba sawasawa na kuvunja mlango usiku.

Amana ina mwenyewe. Aliyekubali kuilinda, awe benki, wakala au mjukuu, hana budi kuonekana anapoulizwa; na asipoulizwa na watu, ataulizwa na Mungu.