Urithi Usiozaa

Mgogo mwenye mifugo akifariki, ng'ombe hugawika. Wana miguu, huzaa, na aliyepunjwa leo huenda akafidiwa zizini kesho. Shamba halizai shamba. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia Dodoma, uamuzi wa 1973 ulioelekea kusahauliwa, thamani ya ardhi ilipanda. Na shamba la uwele likishapimwa viwanja, waliokula sinia moja huanza kuhesabiana.

Amri ya Sheria za Mila ya 1963 iliwapanga warithi daraja tatu, mabinti wakiwa wa mwisho. Ardhi ya ukoo binti aliruhusiwa kuitumia, si kuiuza. Mwaka 1990, katika shauri la mwanamke wa Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliukataa ubaguzi huo. (Watu wa pwani wasicheke: binti wa huko ana nusu ya fungu la kaka, na hata nusu hiyo wapo wanaonyimwa.)

Husemwa kwamba katazo hilo huulinda ukoo. Mbona kaka aliweza kumuuzia mgeni, na ukoo ukitaka ukakomboa, bali dada akiuza mauzo yalikuwa batili? Kaburi la babu li palepale, na mnunuzi ni yule yule.