Jiwe Hushikwa na Tope

Kuanzia Palma hadi Ibo, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, neno msingi ni la fundi na la shehe pia. Muislamu anaujua mfano wa aya ya 109 ya Sura At-Tawba: mmoja kajenga juu ya uchamungu, mwingine ukingoni mwa genge linaloporomoka. Mkristo anazijua nyumba mbili za Injili ya Mathayo, ya mwambani na ya mchangani. Je, aliyejaliwa tope la mikoko tu, ajenge wapi?

Wahandisi hawaikimbii ardhi laini. Tangu miaka ya 1950 huzamisha ardhini mtambo mrefu kama mkuki, unaotetemeka hadi utoboe shimo la mita kadhaa. Kokoto humiminwa, hushindiliwa, kisha nyingine juu yake, mpaka usawa wa ardhi. Inabaki nguzo ya mawe matupu, bila saruji wala chuma.

Nini basi kinazuia kokoto zisitawanyike?

Ni tope lenyewe. Uzito unapoikalia, nguzo hutaka kutuna ubavuni, na udongo unaoizunguka huibana isitanuke. Udongo ukiwa dhaifu mno, nguzo hufura karibu na kichwa chake, na jengo likatitia.

Ukiitazama nguzo hiyo, ile mifano miwili inasomeka upya. Aya ya At-Tawba ilishuka kuhusu msikiti uliojengwa Madina kwa nia ya kuwadhuru na kuwafarakanisha waumini. Kasoro yake haikuwa udongo. Mtu wa mwambani naye, kwa Mathayo, ni yule anayesikia na kutenda. Vitabu vyote viwili vinaupima msingi kwa matendo ya mjenzi.

Kipimo hicho kinaihusu Afungi, karibu na Palma. Familia za wakulima na wavuvi za Quitupo na vijiji jirani zilihamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi. Machi 2021 Palma ilishambuliwa, watu wakakimbia kwa mashua na kwa miguu; Aprili, Total (sasa TotalEnergies), kampuni inayoongoza mradi huo, ikatangaza kusitisha kazi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Kilichosimamisha ujenzi hakikuwa ulaini wa ardhi.

Wanaojenga Afungi wanapima udongo kabla ya kumwaga zege. Wawaulize pia watu wa Quitunda, kwa lugha yao, kama mashamba waliyoahidiwa yamewafikia na kama njia ya kwenda baharini bado iko wazi kwao.