Karama Iliyo Mikononi mwa Mtenda Kazi



Katika Kitabu cha Kutoka, milango ya 31 na 35, twasoma habari za Bezaleli wa kabila ya Yuda na Oholiabu wa kabila ya Dani. Mungu aliwachagua, si wawe makuhani wala manabii, bali wafue dhahabu na shaba, wachonge miti na kufuma nguo. Wengi wetu hupita upesi katika milango ile. Lakini liko jambo moja lisilofaa kupitwa: Bezaleli hakupewa ustadi tu, alitiwa moyoni pia nia ya kuwafundisha wengine.

Nia hiyo ndiyo iliyo haba kwetu. Sisi wenyewe tulimwona seremala mmoja katika njia ya Kibaha, fundi kweli kweli, aliyekuwa na kijana wa kumsaidia. Kila ilipofika saa ya kupima pembe za mlango, alimtuma kijana akateke maji. Baada ya miaka mitatu kijana yule alijua kupiga randa na kufagia maranda, basi. Hata fundi alipougua, milango sita ilibaki imeegemezwa ukutani, na kijana hakuthubutu kuigusa. Tulimwuliza fundi sababu, akajibu ya kuwa akimfundisha yote, kesho atafungua karakana yake ng'ambo ya barabara.

Hatumdhihaki. Hofu ya kukosa mkate si jambo dogo kwa mwenye watoto. Lakini yule mtumwa wa Mathayo 25 alilaumiwa kwa kufukia talanta aliyokabidhiwa yeye mwenyewe; sembuse mtu afukiaye ya mwenzake?

Sharika za Kisarawe zina ushuhuda wao katika neno hili. Wamisionari wa Kijerumani walianza kazi huko mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Vita Kuu ilipokuja, na Waingereza walipoushika mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wamisionari waliondolewa. Ni nani basi waliolichunga kundi la Uzaramo? Ni walimu Waafrika, na miongoni mwao Martin Ganisya. Tusidhani ya kuwa uwezo huo uliwashukia siku ile ya vita. Walikuwa wamekwisha kuzoea kushika kitabu na chaki kwa mikono yao wenyewe. Wala hatusemi ya kuwa walikuwa wamepewa nafasi yote iliyowastahili.

Na Kibaha vivyo hivyo, ijapokuwa kwa njia nyingine. Baada ya Uhuru, nchi za Skandinavia zilipatana na serikali ya Tanganyika, zikajenga huko shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 kazi ile ilikabidhiwa kwa Tanzania, nalo Shirika la Elimu Kibaha likaishika. Siku ya kukabidhi, funguo hutolewa kwa dakika moja. Lakini mtu wa kuchanganya dawa, na mtu wa kusimama mbele ya darasa, hutengenezwa kwa miaka.

Dakta Luther alifundisha ya kuwa wito wa Mungu si wa makasisi na watawa peke yao. Hata baba afuaye nguo za mtoto wake mchanga, akifanya hivyo kwa imani, amtumikia Mungu. Karani, muuguzi na mpiga randa nao wametumwa. Asiyejua hayo hungoja kengele ya jioni na ujira wa mwisho wa mwezi, na karama yake hulala. Naye kijana asiseme ya kuwa amenyimwa, kama hajapata kuomba hata mara moja ashike kipimo.

Ninyi wainjilisti, mwendapo kuwatembelea Wakristo, mmezoea kuuliza habari za sala na za watoto. Ulizeni na habari za kazi. Mwenye watu chini yake mwulizeni ni nani anayeweza kuishika kazi yake akilala mgonjwa Jumatatu, na akikosa jina la kutaja, ketini naye kitambo.