Mashine ya Kufulia: Yaondoa Kazi au Yaihamisha?

Ndugu zetu wasomaji, suala la leo laweza kudhaniwa dogo. Ni la beseni, sabuni na kamba ya kuanikia, na huenda baadhi yenu mkasema kwamba mambo kama hayo si ya kujadiliwa katika karatasi hii. Sisi twaona kinyume. Dhulma kubwa za dunia kila mtu huzijua na kila mtu huzilaani. Lakini dhulma ndogo ipitayo mlango wa nyuma wa nyumba zetu hatuioni, na kwa kuwa hatuioni, hatutubii.

Habari yenyewe ni hii. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa akihudhuria darasa letu hapa Mombasa sasa yuko Kianjai, katika nchi ya Meru, kwenye barabara itokayo Meru mjini kwenda Maua, chini ya milima ya Nyambene. Huko auza nguo sokoni. Akaa katika vyumba viwili vya kupanga, yeye na mkewe, watoto watatu, wa mwisho akiwa wa miezi saba, na mamake ambaye ni mtu mzima sana asiyeweza tena kuzuia haja. Mwaka jana alinunua mashine ndogo ya kufulia, ile ifuayo na kukausha katika chombo kimoja, akaiweka pembeni mwa jiko. Kisha akatuandikia kutuuliza mambo mawili. Kwanza, je, nguo zifuliwazo humo zatwaharika? Pili, kwa mtu wa kipato chake, je, kununua chombo kama hicho si israfu? Tulipopata nafasi tulikwenda watatu kumzuru. Tulikwenda kujibu masuala mawili, tukarudi na la tatu ambalo yeye hakuliuliza.

Suala la twahara halitupi shida kubwa. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wasema kwamba maji machache, yaani yasiyofika kulateni, ambazo kwa makadirio ni karibu na lita 200, huingia najisi mara yaguswapo nayo. Lakini maji safi yakimiminwa juu ya kilichonajisika, yakakienea na kuondoa ladha, rangi na harufu, hukitwaharisha. Mashine hii haifanyi kama mtu atiaye nguo chafu ndani ya beseni akaishia hapo. Humwagia nguo maji, huyatoa, humwagia mengine safi, huyatoa tena, na husuuza hivyo mara mbili au tatu kabla ya kukamua. Basi najisi yenye kiwiliwili iondolewe kwanza kwa mkono, kisha nguo zitiwe mashineni. Maji ya mwisho yakitoka safi wala hapana harufu iliyobaki, nguo zimetwaharika. Asemaye kwamba sharti mkono wa mtu uguse nguo ndipo itwaharike, na alete dalili yake.

Suala la israfu lataka hesabu. Chombo hiki hakikutengenezwa jana. Marekani watu walikuwa wakikinunua tangu miaka ya 1950. Faida yake ni kwamba huchukua nafasi ya mashine moja badala ya mbili, wala hakihitaji bomba la kutolea mvuke nje ya ukuta, jambo lifaalo sana kwa mwenye vyumba viwili. Lakini nafasi iliyookolewa hulipwa kwa njia nyingine. Pipa lake laweza kufua kilo 7 za nguo, lakini halikaushi zote kwa mara moja; sharti utoe karibu nusu, ama sivyo zitatoka mbichi na zimekunjamana. Kukausha huchukua muda mrefu kuliko kufua. Na umeme? Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa mbili hula uniti 3. Ndugu yetu hukausha mara nne kwa juma, basi hizo ni uniti 48 kwa majuma manne, kwa kukausha peke yake. Na nchini Kenya, tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya umeme wa nyumbani ni kwa mwenye kutumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Nguo zake tu zamtoa katika fungu la wanyonge.

Hata hivyo hatukuthubutu kusema kwamba ni israfu. Israfu ni kutumia mahali pasipo na haja, na haja tuliiona kwa macho yetu. Kianjai si Mombasa. Huko mvua za Oktoba hadi Disemba zikishika, na ukungu wa milimani ukishuka, nguo yaweza kukaa kambani siku tatu na isikauke, ila inuke. Nguo za mtoto mchanga na shuka za mtu mzima aliye mgonjwa haziwezi kungoja siku tatu. Mke wa ndugu yetu aliwaonyesha wake zetu viganja vyake, jinsi sabuni ilivyovipasua, akasema kwamba tangu mashine ije, ndipo alipoanza kusali Magharibi bila ya haraka. Maneno hayo yalitutosha. Tulimwambia ndugu yetu: chombo hiki ni neema, ila siku ya jua anika, kwani kuwasha hita ilhali jua liko juu ya paa lako, hiyo ndiyo israfu.

Mwaka 2010, Hans Rosling, daktari wa Kiswidi, alieleza mbele ya watu jinsi mashine ya kufulia ilivyoingia nyumbani kwao alipokuwa mtoto, na jinsi mamake alivyopata wakati wa kumchukua maktabani na kumsomea vitabu. Twasadiki. Hapa Kenya, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2021 juu ya matumizi ya wakati ulionyesha kwamba wanawake hutumia katika kazi za nyumba na ulezi zisizo na ujira takriban mara tano ya wakati watumiao wanaume. Mtu aionaye hali hiyo kisha akamtukana mwanamke mwenye mashine kwamba ni mvivu, huyo hana haya. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Je, wangapi katika sisi tuna ushahidi kama huo kutoka kwa wake zetu?

Sasa tufike kwenye suala la tatu.

Jioni ya siku ya kwanza tulikuwa tumekaa nje, mashine yanguruma ndani. Akaja mwanamke mmoja wa makamo, mwenye mgongo ulioinama, dumu la lita 20 liko mgongoni, ukanda wake umepita juu ya paji la uso, kama wabebavyo mizigo kina mama wa nchi ile. Akalimimina ndani ya pipa lililoko kando ya mlango, akaondoka. Akaja tena. Mara ya tatu tukamwuliza ndugu yetu: "Huyu nani?" Akajibu: "Huyu ndiye aliyekuwa akitufulia."

Mambo yakabainika. Mfereji wa nyumba ile hutoa maji siku chache tu kwa juma. Mashine ndogo kama ile hutumia lita 40 hadi 60 kwa mfuo mmoja, na nyingi za aina hii hupoza mvuke kwa maji baridi wakati wa kukausha, basi hunywa maji hata zinapokausha. Ndugu yetu amepima mwenyewe: kufua na kukausha mara moja ni madumu manne. Maji hayo hutiwa katika pipa, na pampu ndogo huyasukuma mashineni. Na kwa kuwa pipa halijijazi, alimwita mama yule yule aliyemwachisha kufua, ampelekee maji.

Hapo zamani mama huyo alikuja siku mbili kwa juma, akilipwa shilingi 500 kwa siku, pamoja na chakula cha mchana. Sasa hulipwa shilingi 20 kwa dumu. Madumu manne kwa mara nne ni madumu 16, nazo ni shilingi 320. Zamani shilingi 1,000, akifua chini ya mwembe akizungumza na mwenye nyumba; leo shilingi 320, na kilo 20 mgongoni kila safari. Tulipozungumza naye hakumlaumu mtu. Alisema: "Mimi sikuichukia mashine. Nilichukia kuambiwa siku ile ile niliyokuja."

Wasomaji wetu, hilo ndilo tulilorudi nalo. Ndugu yetu alidhani ameiondoa kazi nyumbani mwake, kumbe hakuiondoa, ameihamisha. Ilikuwa mikononi mwa mkewe na mwa mama yule. Sasa sehemu imekwenda kwa umeme, na sehemu, ile nzito zaidi, imekwenda kwenye mgongo wa mtu mmoja, kwa ujira uliopungua. Wala jambo hili si geni. Mwanahistoria wa Kimarekani, Ruth Schwartz Cowan, alionyesha mwaka 1983 kwamba mashine zilipoingia majumbani huko kwao, wafuaji wa kulipwa waliondoka, watu wakataka nguo safi zaidi na mara nyingi zaidi, na mama wa nyumba akabaki na saa zile zile za kazi. Yeye na Rosling hawapingani. Mashine huweza kutoa raha. Lakini raha ile itamfikia nani, hilo mashine haliamui. Wenye kuamua ni watu.

Huenda mtu akasema: "Mimi sikufunga mkataba wa milele na mfuaji wangu. Mali ni yangu, nimeitumia kwa halali." Kweli, na hatusemi kwamba ni wajibu kubaki na beseni ili fulani apate kazi. Kama ingekuwa hivyo, tusingeacha hata kinu kwa ajili ya mashine ya kusaga. Lakini halali ya kununua haifuti haki za watu zilizotangulia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwatwike wasiloliweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Mafunzo hayo hayakusema: ila ukinunua mashine.

Basi tulimwambia ndugu yetu mambo matatu. Kwanza, aliyekutumikia miaka, ukitaka kumwachisha, mpe habari mapema na umpe kitu cha kumvusha mpaka apate pengine. Hilo lilipita bila kutendwa, basi na litendwe sasa. Pili, mvua ile ile izuiayo nguo zako kukauka huanguka juu ya bati lako. Paa la mita 30 za mraba, likipata mvua ya milimita 10, hutiririsha lita 300, nazo ni madumu 15. Weka mfereji wa bati na tangi, na miezi uihitajiyo mashine zaidi hutahitaji mgongo wa mtu. Tatu, ukiupumzisha mgongo wa mama huyu usimnyime riziki yake. Nguo zitokazo katika mashine ile zimekunjamana, zataka pasi na kukunjwa. Mamako ataka mtu wa kukaa naye. Mtoto naye ataka kushikwa. Kazi zipo. Mrudishe katika kazi ya mikono, kwa ujira wa siku.

Ndugu yetu alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba aliinunua mashine ili apunguze matumizi, na kwamba tumwambiayo yatamrudisha alipokuwa au zaidi. Hakusema uongo. Hatukuwa na jawabu la kumpunguzia gharama, wala hatujui ataamua nini. Tulichoweza kumwambia ni kwamba akiba aliyoipata ilikuwa ni shilingi 680 za mama yule kila juma, na kwamba ni bora mtu ajue akiba yake imetoka mfukoni mwa nani.

Asidhani mtu kwamba hii ni habari ya bara isiyotuhusu sisi wa pwani. Tuliporudi Mombasa tulianza kuyatazama majumba yetu wenyewe. Maji ya mji huu hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mara ngapi mifereji yetu hukauka? Ikikauka, ni nani ajazaye mapipa ya mashine zetu katika ghorofa ya tatu na ya nne? Ni vijana wenye mikokoteni, wapandao ngazi na madumu mawili mawili, jua la saa saba likiwaka. Sisi twasikia mlango ukibishwa, twahesabu madumu, twabishana juu ya shilingi tano, kisha twavaa kanzu iliyofuliwa kwa maji yale, tukaifukiza udi, tukaenda kusali safu ya mbele. Tumewahi kumwuliza kijana yule jina lake?

Hatusemi mashine zivunjwe. Twasema kila atakayeleta nyumbani chombo cha kumwondolea kazi, na ajiulize kabla ya kulipa: kazi hii sasa inakwenda kwa nani? Ikiwa yakwenda kwa umeme na jua, amshukuru Mola wake. Ikiwa yakwenda kwenye mgongo wa mtu, basi mtu huyo ana haki katika raha yake, na haki hiyo itaulizwa siku ambayo hapana mlango wa nyuma.

Mwenyezi Mungu atutwaharishie nguo zetu na nyoyo zetu. Amin.